Mota na Pampu Ndani ya Boksi Moja: Nani Anaokoa, Nani Analipa?

Kama umewahi kupeleka gari kwenye gereji yenye lifti ya nguzo mbili, kuna kitu umekiona bila kukitilia maanani. Pembeni ya nguzo moja kumefungwa mota ya umeme, imesimama wima, na chini yake kuna tangi dogo la oili. Fundi akibonyeza swichi, mota inaunguruma na gari linapanda taratibu. Ukiitafuta pampu huioni. Imezama ndani ya tangi, imefungwa kwenye bloku ileile inayobeba mota.

Hapo umeshaona mwanzo wa wazo ninalotaka tulihakiki leo. Badala ya kununua mota kivyake na pampu kivyake kisha uziunganishe mwenyewe, unaletewa kitu kimoja. Waya wa umeme unaingia upande huu, oili yenye presha inatoka upande ule, katikati hakuna unachokiona. Wazo si jipya, lakini siku hizi linasukumwa kwa nguvu, na kwenye matangazo yake kuna sifa tatu zinazojirudia: ni dogo, ni kimya, linaokoa umeme.

Nakuambia mapema ninapoelekea. Ukimya ni kweli. Udogo ni nusu kweli. Kuokoa umeme ni kweli pia, ila sifa hiyo kapewa asiye mwenyewe. Na kuna jambo la nne ambalo tangazo halilisemi kabisa, nalo ni siku boksi hilo litakapoharibika.

Kwanza tuelewane

Mota inabadilisha umeme kuwa mzunguko. Pampu inabadilisha mzunguko huo kuwa oili inayosukumwa. Nguvu inayobebwa na oili ni presha mara mtiririko. Chukua presha kwa bar, zidisha kwa lita zinazopita kwa dakika, gawanya kwa 600, jibu ni kilowati. Ishike hesabu hiyo, tutaihitaji.

Kwa utaratibu wa kawaida, kati ya mota na pampu kuna vitu vya kati. Kuna kapilingi, kile kiungo chenye mpira katikati kinachoshikanisha shafti mbili. Kuna nyumba ya chuma inayozishika mota na pampu zisipishane. Kuna sili ya shafti, yaani ule mpira unaozuia oili isivuje pale shafti inapochomoza kwenye pampu. Na nyuma ya mota kuna feni ya kuipooza.

Sasa, neno "kuunganisha" lina ngazi tatu, na wauzaji hupenda kuzichanganya. Ngazi ya kwanza ni hiyo ya kapilingi: vitu viwili vinavyoshikana. Ya pili ni kufunga pampu moja kwa moja kwenye mota bila kapilingi kubwa, shafti ya pampu ikaingia ndani ya shafti ya mota. Lifti ya gereji iko jirani na hapo. Ya tatu ndiyo ndoa kamili: kile kinachozunguka ndani ya mota na kile kinachozunguka ndani ya pampu vinakaa kwenye shafti moja, kwenye nyumba moja, ndani ya oili moja. Uhakiki wangu ni wa ngazi hii ya tatu. Ngazi ya pili sina ugomvi nayo, na mwishoni utaona kwa nini.

Haki yake apewe

Tusianze kwa kubomoa. Ndoa kamili inaondoa shida za kweli.

Muulize fundi yeyote wa mitambo ya oili kinachomrudisha kazini mara kwa mara, hutakosa kusikia sili na kapilingi. Shafti mbili zisipolingana vizuri, hata kwa sehemu ndogo ya milimita, mpira wa kapilingi unaliwa, beringi zinachoka, sili inaanza kulia machozi ya oili. Ukiweka kila kitu kwenye shafti moja, hakuna cha kulinganisha. Ukiiweka mota ndani ya oili, sili ya kutokea nje haina kazi tena. Na feni ikiondoka, inaondoka na kelele zake, huku oili yenyewe ikizizima kelele za pampu.

Historia iko upande wa wazo hili pia. Friji za mwanzo zilikuwa na mota nje na kompresa kando, na gesi ilikuwa inavuja kwenye sili ya shafti. Gesi zilizotumika enzi hizo hazikuwa za mchezo, mojawapo ilikuwa dioksidi ya salfa, ambayo inawasha macho na kubana kifua. Mwaka 1927 kampuni ya General Electric ya Marekani ikaanza kuuza friji iliyopewa jina la utani Monitor Top, ambayo mota na kompresa vilifungiwa ndani ya chuma kimoja kisicho na mlango. Kuvuja kwa sili kukawa si tatizo tena. Friji uliyonayo nyumbani ni mjukuu wa uamuzi ule.

Kwa hiyo anayesema kuunganisha ni ujinga hajui historia. Swali ni lini kunafaa, na sifa zipi ni zake kweli.

Sifa iliyokosewa jina

Tuje kwenye umeme, maana hapa ndipo mnunuzi anaposhawishika.

Chukua mashine ya kiwandani inayobana plastiki ya moto kwenye umbo la ndoo. Inasukuma kwa kasi, halafu inashikilia presha huku plastiki ikipoa. Wakati wa kushikilia, karibu hakuna kinachosogea. Kwa mfumo wa zamani kabisa, mota ya umeme wa hezi 50 yenye ncha nne inazunguka mizunguko kama 1,450 kwa dakika, itake isitake. Pampu inaendelea kusukuma, tuseme lita 40 kwa dakika, na kwa kuwa oili haina pa kwenda, inapita kwenye vali ya kupunguzia presha na kurudi kwenye tangi. Presha ikiwa bar 150, piga hesabu yetu: 150 mara 40 gawanya kwa 600. Ni kilowati 10. Zote zinageuka joto ndani ya oili, na umezilipia.

Sasa weka kifaa cha kubadilisha kasi ya mota, kile ambacho mafundi wengi wanakiita inveta. Wakati wa kushikilia, pampu inazungushwa polepole tu, kiasi cha kufidia oili inayopenya ndani yake yenyewe. Tuseme lita 2 kwa dakika. Kwa presha ileile, ni nusu kilowati. Kutoka kilowati 10 hadi nusu, kwa kipindi chote cha kushikilia! Hapo kuna pesa kweli.

Lakini tazama tena nilichokifanya. Sijagusa kapilingi, wala nyumba ya mota. Nimebadilisha kasi tu. Mashine nyingi za plastiki zinazouzwa leo kwa jina la "servo" zinafanya hivyohivyo, mota ikiwa imesimama kivyake na pampu kivyake, na kapilingi ipo katikati kama kawaida. Na hata kabla ya inveta, kulikuwa na pampu zinazojipunguzia mtiririko zenyewe presha ikifika, ambazo tayari zilikuwa zinaokoa sehemu kubwa ya hasara hiyo.

Je, kuunganisha kwenyewe kunaokoa kiasi gani? Kapilingi iliyopangwa sawa inapoteza nguvu isiyofika hata asilimia 1. Msuguano wa sili ni mdogo. Unaokoa pia nguvu ya kuzungusha feni. Halafu toa gharama mpya: kinachozunguka ndani ya mota sasa kinazunguka ndani ya oili badala ya hewa, na oili ni nzito. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inayoliwa na kuikoroga oili hiyo inaongezeka mara nne au zaidi. Ukijumlisha na kutoa, faida inaweza kubaki kidogo, na inaweza kugeuka hasara.

Kwa hiyo mtu akikuonyesha jedwali lenye "kabla" na "baada", kabla ikiwa mota ya kasi moja yenye vali, na baada ikiwa boksi jipya lenye inveta ndani, ujue amebadilisha vitu viwili kwa pamoja na kukupa jibu moja. Mwanafunzi wa sayansi wa sekondari anafundishwa asifanye hivyo kwenye jaribio. Ulinganisho wa haki ni mota na pampu tofauti zenye inveta, dhidi ya boksi moja lenye inveta. Omba jedwali hilo, uone kama litapatikana.

Udogo na joto

Sifa ya udogo nimesema ni nusu kweli. Sababu ni joto.

Tuseme mfumo unatoa kilowati 10 za kazi halisi. Mota ina ufanisi wa asilimia 90, pampu asilimia 88. Ukizidisha unapata kama asilimia 79. Ili upate 10 inabidi uingize takribani 12.6. Tofauti, kilowati 2.6, ni joto. Ni kama kuacha pasi mbili za umeme zinawaka muda wote, na zaidi kidogo.

Joto hilo linatoka kupitia ngozi ya mashine. Sanduku lenye pande za sentimita 60 lina ngozi ya mita za mraba 2.16. Lipunguze pande ziwe sentimita 30, ngozi inabaki 0.54. Joto ni lilelile, mlango wa kutokea umekuwa robo. Kwa hiyo lazima uongeze rejeta ya kupoozea oili, na rejeta ina feni, mabomba na nafasi yake. Kwenye picha ya tangazo rejeta haionekani. Udogo haukupatikana wote, mwingine umehamishiwa nje ya picha.

Mtetezi atasema oili inapooza mota vizuri kuliko hewa. Ni kweli, na ndiyo maana mota inaweza kufanywa ndogo. Lakini rudi kwenye ule muda wa kushikilia presha, uleule uliotuokolea umeme. Pampu inazunguka polepole, ila presha ni kubwa, na presha kubwa inadai mota ikaze shafti kwa nguvu zake zote. Kukaza kunadai mkondo mkubwa wa umeme kwenye waya za shaba, na mkondo mkubwa ni joto. Wakati huohuo oili inayopita ni kidogo mno. Kama boksi linategemea mtiririko wake lenyewe kujipooza, basi hali inayookoa umeme zaidi ndiyo hali ambayo upoozaji wake ni dhaifu zaidi. Mimi huu ndio udhaifu mkubwa kuliko wote ninaouona kwenye wazo hili. Mota iliyosimama kivyake inawekewa feni yenye umeme wake, inayopuliza hata shafti ikienda pole, na jambo limekwisha.

Ongeza uchafu. Oili ya mashine inayofanya kazi haikosi chembe za chuma kutoka kwenye pampu yenyewe. Mota nyingi za kisasa zina sumaku za kudumu. Weka sumaku ndani ya oili yenye chembe za chuma, huhitaji digrii kujua kitakachotokea. Na sumaku za neodimiamu za daraja la kawaida zinaanza kupoteza nguvu zikipita nyuzi 80 hivi za Selsiasi. Kuna za daraja la juu zinazovumilia zaidi, kwa bei ya juu pia.

Mahali ambapo ndoa inakubali

Usije ukadhani matatizo hayo hayatatuliki. Kuna sekta iliyoyatatua, nayo ni ndege. Inafaa tuione ili tujue iliyatatua kwa masharti gani.

Ndege ya Airbus A380 ilipaa mara ya kwanza tarehe 27 Aprili 2005, Toulouse, Ufaransa. Airbus nyingine kubwa za kabla yake zilikuwa na mifumo mitatu ya oili yenye mabomba yaliyozunguka ndege nzima, kwa presha ya psi 3,000. A380 ikabaki na miwili, kwa psi 5,000, kama bar 345. Mahali pa ule wa tatu pakachukuliwa na umeme. Kwenye baadhi ya vile vibao vya bawa na mkia vinavyoielekeza ndege kukawekwa maboksi yenye mota, pampu, oili kidogo na silinda yake, yote pamoja. Kutaka kibao kiende upande wa pili, mota inageuza mzunguko. Bomba refu la oili limegeuka waya.

Uzito uliookolewa ni wa kweli, na kwenye ndege kila kilo ina bei. Lakini ona masharti. Kwenye A380 maboksi hayo yaliwekwa kama akiba ya mfumo wa kawaida wa oili, hayakuachiwa kazi yote peke yake. Na likiharibika, halifunguliwi uwanjani. Linatolewa zima, linawekwa jingine, na bovu linapelekwa kwenye karakana yenye vyeti na vipimo vyake. Yaani boksi lisilofunguka linafanya kazi kwa sababu nyuma yake kuna ghala na karakana, na shirika la ndege limeshalipia vyote.

Nani analipa

Sasa tushuke kutoka Toulouse turudi gereji.

Niliwahi kumweleza fundi mmoja mtu mzima, hapa Dar, habari za haya maboksi. Nilimweleza kwa furaha, kama mtu aliyetoka kusoma makala jana. Akanisikiliza hadi mwisho huku anafuta mikono, akasema: "Injinia, hii lifti nikiifungua nakuta mota. Mota ikiungua kuna watu wa kusuka waya. Pampu ikila, natafuta pampu. Sasa hilo lako nikilifungua nakuta nini?"

Nikamjibu kwamba halifunguliwi.

"Basi hilo si la kwangu. Ni la aliyeliuza."

Nilitaka kubisha, nikakosa pa kushikia. Kwenye mfumo wa vitu viwili, mota ikiungua unapoteza mota. Kwenye ndoa kamili, beringi moja ikifa inaweza kuzika mota nzima, pampu nzima, na ile bodi ya inveta kama imo ndani. Na mota ikiungua ndani ya oili, mabaki yake yanasafiri na oili hadi kwenye vali na silinda. Mafundi wa friji wanalijua hili vizuri: kompresa ikiungua, hubadilishi kompresa tu, unasafisha mfumo mzima.

Mjini ambako boksi jipya linapatikana kesho yake, hiyo ni hasara ya pesa. Kwa kiwanda kidogo cha Morogoro au mkandarasi aliye na kijiko porini, ni wiki kadhaa za mashine kusimama na vibarua kurudi nyumbani. Gharama hiyo haimo kwenye jedwali la ufanisi, kwa sababu aliyelichora haitamgusa.

Somo liko kisimani

Je, hakuna njia ya kati? Ipo, na huenda iko mita 100 chini ya miguu yako.

Pampu ya kisima kirefu ni jembamba, linaingia kwenye bomba la inchi chache. Mota iko chini, pampu juu, vyote vimezama. Kwa udogo, hakuna mashine iliyobanwa kuliko hiyo. Lakini mota na pampu hazikuyeyushwa pamoja. Mota nyingi za inchi 4 zinafuata vipimo vya NEMA, chama cha watengenezaji wa vifaa vya umeme cha Marekani: meno ya shafti yanajulikana, nafasi za boliti zinajulikana. Mota ya kampuni moja inakubali pampu ya kampuni nyingine. Ikifa mota, mnaivuta juu, mnafungua boliti, mnaweka nyingine, pampu ileile inarudi kazini.

Hiyo ndiyo ngazi ya pili niliyosema sina ugomvi nayo. Imebana, haina kapilingi kubwa, haihitaji kulinganishwa kwa macho, na bado inafunguka. Kilichoiwezesha ni makubaliano juu ya vipimo, na makubaliano hayaongezi hata gramu moja kwenye mashine.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Ndoa kamili inafaa pale ambapo uzito au uvujaji ni suala la usalama, na pana mtu wa kulibadilisha boksi zima kwa haraka. Kwingine kote, ambako ndiko wengi wetu tuliko, chukua inveta, acha vitu viwili vibaki viwili, na tunza sili zako.

Ukipelekewa boksi kesho, usianze na ufanisi. Anza na maswali manne. Mlilinganisha na nini? Rejeta iko wapi, na ina ukubwa gani? Linashikilia presha kwa muda gani kabla halijapata joto la kulizima? Na la mwisho, lile la fundi wangu: nikilifungua nakuta nini?